Njagu kaondoka, beji imebaki

Kwetu Bongo, afande wa Mtwara na wa Bukoba ni wa jeshi moja. Marekani sivyo, msomaji wangu! Kule kila kimji kinaweza kuwa na polisi wake, mkuu wake na beji yake. Vyombo vya polisi nchini humo ni kama 18,000, na karibu nusu ya polisi wa miji hawafiki hata askari kumi.

Ndiyo maana kuna watu wanazikusanya beji kuukuu kama stempu. Nilipopita Massachusetts nilimkuta mzee mmoja gulioni, kazipanga juu ya kitambaa cheusi: nyota za pembe tano, sita, hata saba, na ngao zenye tai. Wateja waliparamia zinazong'aa. Mimi akanigeuzia moja iliyochoka.

"Kijana, soma mgongoni kwanza."

Mgongoni palikuwa na jina la Blackinton, kiwanda kilichoanza mwaka 1852 palepale jirani, North Attleborough, nchi ya masonara. Pini imelegea, kingo zimelika kwa kusuguana na shati miaka nenda rudi. Feki, alisema, hupakwa uchafu mbele, mgongo wakausahau.

Siyo mchezo wa watoto huu. Beji mkononi mwa jambazi ni ufunguo wa kila mlango. Sheria ya mwaka 2000 inambana anayesafirisha beji feki, au ya kweli isiyo yake, toka jimbo hadi jimbo. Mkusanyaji anaweza kujitetea kuwa ni ya kumbukumbu tu. Lakini ibandike kifuani usimamishe magari ya watu, utanyea debe!

Kilichonigusa zaidi ni miji yenyewe. Ikiishiwa mshiko, polisi wanafutwa na kazi inakwenda kwa sherifu wa kaunti. Goodhue, mji wa Minnesota wenye watu wasiozidi 1,300, Agosti 2023 mkuu wa polisi na askari wake wote waliachia ngazi. Sababu? Mshahara kiduchu.

Ile beji iliyochoka nayo ilitoka mji usio na polisi tena. Nikauliza bei. Mzee akaifunika kwa kiganja. Kasikia mjukuu wa askari aliyeivaa bado anaishi mji uleule, kamwandikia barua. Mpaka ajibiwe, haiuzwi hata kwa dola elfu.