Muziki Usio na Haraka ya Kufariji



Sisi tuliokulia kwaya tumezoea muziki wenye maneno. Mwaka huu, kati ya kipindi na kipindi cha falsafa, nimekuwa nikisikiliza kwenye simu rekodi za muziki wa Kijerumani wa karne ya 20, unaopigwa kwa piano peke yake au kwa ala chache. Mmoja umenishika: sonata ya Karl Amadeus Hartmann iitwayo "27 Aprili 1945".

Hartmann alizaliwa Munich mwaka 1905. Wanazi waliposhika utawala, alijitenga na majukwaa ya nchi yake. Mwishoni mwa Aprili 1945 aliwaona wafungwa wa kambi ya Dachau wakiswagwa kwa miguu, msururu mrefu, ndipo akatunga sonata hiyo. Sehemu ya tatu ni mwendo wa mazishi, mzito na wa polepole.

Katika kambi hiyo walifungwa wakleri zaidi ya 2,500, wengi wao mapadre wa Poland. Humo ndimo shemasi Karl Leisner, akiugua kifua kikuu, alipopewa upadre kwa siri tarehe 17 Desemba 1944 na askofu Mfaransa, mfungwa mwenzake. Aliadhimisha Misa moja tu, akafariki Agosti 1945. Mwaka 1996 alitangazwa mwenyeheri.

Kwangu mimi mtoto wa Mkwaja, msururu wa namna hiyo si habari ya mbali. Katika karne ya 19 misafara kutoka bara ilishukia pwani yetu, Saadani na Pangani, na ndani yake walikuwamo watu waliotekwa ili wauzwe. Hao hawakuandikiwa sonata.

Mwenzangu mmoja aliniuliza: muziki usiofariji una faida gani kwa padre mtarajiwa? Swali ni zito, maana kufariji ni kazi yetu. Lakini ipo faraja ya haraka ambayo kwa kweli ni kumnyamazisha mfiwa. Kwetu jeneza likipita, mtu huacha shughuli zake, awe Mwislamu au Mkristo, akatia bega hatua chache, kisha akampisha mwingine. Hahutubii mtu. Anatembea tu na msiba.

Kweli, bega hubeba na sikio halibebi kitu. Tena rekodi naweza kuizima kwa kidole, ilhali wale wa Dachau hawakuwa na ruhusa ya kusimama. Kusikiliza bado si upendo. Hata hivyo, asiyeweza kuvumilia dakika chache za huzuni ya mtu asiyemjua atakaaje usiku kucha matangani? Hata Mama Maria, Injili ya Yohane haituambii alisema nini chini ya msalaba. Inatuambia alisimama.

Ndugu msomaji, uniombee. Siku nitakapoitwa penye msiba, nijaliwe kusimama kwanza, ndipo niseme.