Siku Tulipomhama Mwenzetu

Mara nyingi katika karatasi hizi tunaandika habari ya mpira, ya kwaya na ya mitihani. Leo tunaandika habari ya kosa letu. Tulikawia juu ya haya, lakini tumebakiza muda kidogo tumalize masomo, na hatutaki kuondoka nalo.

Ilikuwa Januari 2023, sisi tukiwa kalasi ya nane. Jumapili tarehe 15, kule Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste, watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Watu zaidi ya kumi walikufa. Jioni ile habari ilikuwa imeenea Butembo mzima. Kwetu huku ni nani asiye na ndugu Kasindi, ao jirani anayepeleka biashara pale?

Jumatatu asubuhi tuliomba Mungu kwenye mstari, wengine wakalia. Tulipoingia kalasini, mmoja wetu akabeba vitabu vyake akatoka kwenye benchi aliyokuwa anakaa na mwenzetu mmoja Muislamu. Hakusema neno. Mwingine akainuka, akamfuata. Mpaka saa ya pumziko benchi ile ilibaki na mtu mmoja, na sisi tuko tumebanana wanne wanne kule nyuma. Kisha mtu akaandika ubaoni herufi tatu tu: ADF. Tulicheka. Ndiyo, tulicheka. Mwenzetu akaenda akafuta ubao kwa mkono wa shati yake, akarudi, akakaa. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Mwalimu wa dini akauliza, "Watoto, nani alihama wa kwanza?" Kimya. "Na nani alibaki?" Kimya kuliko mbele. Akafunga Biblia, akasema, "Basi, leo tutafanya somo la historia."

Alitueleza ya kwamba ADF haikuzaliwa katika misikiti ya hapa kwetu. Ilitoka Uganda. Mwanzilishi wake, Jamil Mukulu, alizaliwa katika jamaa ya Kikristo, akasilimu, akawa mmoja wa wakali wa kundi la Tabliki kule Kampala. Walipogombana na serikali walivuka mpaka, na katika miaka ya 1990 wakaungana na waasi wa NALU katika mlima Ruwenzori. Juni 1998 walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, Uganda, wakachoma mabweni. Wanafunzi karibu 80 waliteketea. Na toka Oktoba 2014 panga zikaanza kukata watu huku Beni, mpaka mashamba ya Mbau, Oicha na Eringeti yakabaki bila wenyewe. Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015, Musa Baluku akashika nafasi yake. Mwaka 2019 kundi likaanza kuhesabiwa kuwa tawi la Dola la Kiislamu.

"Lakini msiseme ni dini tu," mwalimu akaendelea. Kuna mbao, kuna kakao, kuna dhahabu. Kuna vijana waliodanganywa ya kwamba watapewa kazi ao masomo, wakajikuta porini na bunduki. Wachunguzi waliandika hata ya kwamba katika mauaji ya miaka ya kwanza walikuwamo wenye silaha wengine, wasiokuwa wa ADF. Jina la Mungu lilikuwa kifuniko, na chini ya kifuniko kulipikwa mambo mengi.

Halafu akatuuliza, "Nani anajua Shehe Ali Amini?" Hatukumjua. Tarehe 1 Mei 2021, katika mwezi wa Ramadhani, alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Beni, saa ya sala ya usiku. Tarehe 18 ya mwezi uleule Shehe Djamali Moussa akauawa vilevile kule Mavivi. Watu waliwajua kama watu waliokemea wauaji wazi wazi, bila kuficha midomo.

Mwalimu akatutazama. "Jamaa ya mwenzenu walihama kutoka upande wa Mavivi. Mnadhani walimkimbia nani?"

Tuliinamisha vichwa. Sisi tulikuwa tumesema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kumbe mwenzetu alikimbia wauaji walewale tunaowaogopa sisi, akafika kwetu, na sisi tukampa jina lao.

Tangu siku ile tunajiuliza: ukali wa dini ni nini hasa? Kushika neno la Mungu kwa nguvu si ubaya, wazee wetu walitufundisha hivyo. Ubaya unaanza pale mtu anaposema Mungu amempa yeye ruhusa juu ya maisha ya jirani. Yakobo na Yohana, wale Wana wa Ngurumo, walitaka kuita moto wa mbinguni uunguze kijiji cha Wasamaria. Walikuwa wanafunzi wa Yesu mwenyewe! Naye aligeuka akawakemea wao, si Wasamaria.

Na ngurumo iko hata kwetu Wakristo. Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2200 walikufa katika sehemu zetu hizi. Wengine walipelekwa vyumba vya maombi kwanza, hospitali baadaye, na pale wakaambukiza waliokuja kuwaombea. Siasa nayo ikaongeza kuni. Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo ulisogezwa mpaka Machi 2019, na Januari Rais alikuwa ameapishwa bila kura zetu. Basi watu wakasema ugonjwa ni uongo wa wakubwa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na Aprili daktari Richard Mouzoko, mgeni kutoka Kameruni, akauawa hapa Butembo. Mtu aliyedanganywa na kuonewa ni mwepesi kumfuata ye yote mwenye sauti kubwa, akiwa na Biblia, akiwa na Kurani, akiwa na bendera ya chama.

Lakini tuko na mfano mwingine. Aprili 2021 wanafunzi wa Beni waliketi siku nyingi mbele ya ofisi ya meya, wakiomba Rais aje ajionee. Walidai amani; hawakudai kichwa cha jirani.

Jumamosi ile tulikwenda nyumbani kwa mwenzetu, sisi sita, na kilo mbili za maharagwe. Mama yake akatukaribisha, akatuwekea chai. Kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, mtoto wangu aliwakosea nini?" Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu akasema, "Mama, hakutukosea. Sisi ndio tulikosa." Mwenzetu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.

Jumatatu alirudi. Yule aliyehama wa kwanza alikuwa amekwisha kuketi kwenye benchi ile, anangoja. Mwenzetu akakaa, akafungua daftari. Hakusema ametusamehe, na mpaka leo hajasema. Anatusaidia hesabu, anacheza mpira nasi. Lile neno hatujamwuliza, kwa sababu si haki yetu kulidai.

Juni ya mwaka uleule wa 2023, ADF walivamia shule ya Lhubiriha kule Mpondwe, ng'ambo tu ya Kasindi. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi kama sisi. Asubuhi habari ilipofika, tuliingia kalasini tukiwa tumenyamaza. Kila mtu alikaa mahali pake.

Wenu, sisi wanafunzi, Butembo.