Mchi Wenye Uzito

Watu wengi wakisikia neno katuni, humfikiria mtoto aliyekodolea macho televisheni. Mimi huona grafu. Ninasomea Kiswahili katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda, na jioni, wenzangu wanapokwenda kutazama mpira, mimi hufungua kompyuta yangu nikaanza kusogeza nukta juu ya mstari. Wenzangu wameniuliza mara nyingi: mambo hayo na lugha yanakutana wapi? Insha hii ndiyo jibu langu. Na kwa kuwa jibu lenyewe linapitia nyumbani kwetu Luweero, sina budi kumtaja Jajja, yaani bibi mzaa mama, ambaye kwa miaka mingi hakutaka kusikia Kiswahili kikitamkwa chini ya paa lake.

Nianze na kazi yenyewe. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Zamani, katika studio kubwa za Marekani, mchoraji mkuu alichora zile picha zinazobeba tendo: mkono ukiwa juu, mkono ukiwa chini. Wasaidizi wake walijaza picha za katikati, moja baada ya nyingine, haba na haba hujaza kibaba. Baadaye Nestor Burtnyk na Marceli Wein, waliokuwa wakifanya utafiti wa kiserikali huko Ottawa, Kanada, walibuni namna ya kuiachia kompyuta kazi ya wale wasaidizi. Peter Foldès akaitumia kutengeneza filamu fupi La Faim, yaani Njaa, ya mwaka 1974, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Tangu wakati huo mhuishaji huweka picha chache zinazobeba tendo, na mashine humjazia zilizobaki. Picha hizo chache mimi naziita fremu kuu.

Programu ninayotumia inaitwa Blender. Ni programu huria. Mwaka 2002 wapenzi wake walichanga euro 100,000 ili iachiliwe kwa umma, na leo mwanafunzi asiye na kitu anaweza kuipakua bila kulipa hata shilingi. Tuseme nataka kuonyesha mchi ukitwanga karanga. Nauweka mchi chini, ndani ya kinu, katika fremu ya 1, nabonyeza herufi I, na fremu kuu ya kwanza imepatikana. Katika fremu ya 15 nauinua sentimita 30. Katika fremu ya 19 bado uko juu, kwa maana mtwangaji hukusanya nguvu kabla ya kuushusha. Katika fremu ya 25 umerudi chini. Fremu kuu ni nne tu. Zile 21 zilizobaki anazijaza mwingine, na mwingine huyo ni kompyuta.

Je, anazijazaje? Hapo ndipo grafu inapoingia. Mhimili wa mlalo unaonyesha wakati, na ule wa wima unaonyesha thamani, mathalani kimo cha mchi. Kila fremu kuu ni nukta, na kati ya nukta na nukta unapita mstari ambao mimi nauita mpindo. Kila nukta ina vishikio viwili, kimoja kila upande, mfano wa masharubu. Ukikivuta kishikio, mpindo unabadilika ingawa nukta haijasogea. Hesabu ya mipindo ya aina hii inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault huko Ufaransa, aliyeitumia kuchora mabati ya magari. Bati la gari na mkono wa mtu anayetwanga, kwa kompyuta, ni jamaa.

Sasa tazama mchi unaposhuka kutoka fremu ya 19 hadi ya 25. Muda huo ni robo ya sekunde. Nimeutengeneza mara tatu, kwa fremu kuu zile zile.

Mchi wa kwanza una mstari mnyoofu. Baada ya fremu mbili umeshuka sentimita 10, baada ya nne 20, baada ya sita 30. Unashuka kama lifti ya hoteli.

Mchi wa pili una mpindo ambao programu hukupa usipoiambia lolote. Unaanza polepole, unaharakisha katikati, kisha unapunguza mwendo kabla ya kufika. Umeshuka sentimita 7 hivi, halafu 23, halafu 30. Unapendeza macho, lakini unaziegemea karanga kama unaziomba radhi.

Mchi wa tatu nimeulaza kishikio cha juu, na kile cha chini nimekivunja ili mpindo ushuke wima na kugeuka ghafla, kama ncha ya herufi V. Umeshuka sentimita 3 tu, halafu 13, halafu 30. Kitu kinachoanguka hakina mwendo mmoja: kila kinapozidi kushuka ndipo kinapozidi kasi, na hakipunguzi mpaka kizuiwe. Kwa robo ya sekunde, jiwe lililoachiwa huanguka takriban sentimita 30. Kwa hiyo mchi huu unatii sheria ile ile inayolitawala jiwe.

Mwanafunzi wa Kiswahili ataona upesi kile nilichokiona. Fremu kuu ni vitenzi: aliinua, akashusha. Katika mifano yangu yote mitatu vitenzi ni hivyo hivyo. Kinachotofautiana ni kile ambacho Kiswahili hukiwekea tanakali za sauti. Kuanguka ni kuanguka, lakini anayeanguka pu si sawa na anayeanguka tifu mchangani, wala aliyetumbukia chubwi majini si sawa na aliyeanguka tapwi matopeni. Kitenzi kinatuambia alianzia wapi na akaishia wapi. Tanakali inatuambia ilikuwaje hapo katikati: uzito, kasi, kilichompokea. Mpindo ni tanakali iliyochorwa. Ndiyo maana nasema kwamba jioni zangu na masomo yangu ya asubuhi ni kitu kimoja.

Wakati wa likizo niliibeba kompyuta hadi Luweero. Jajja alikuwa mkekani akibangua karanga. Nilimwonyesha michi yote mitatu bila kumweleza lolote. Wa kwanza aliutazama akanyamaza. Wa pili ulimchekesha, akasema kwa Kiganda, "Huyu anatwanga ndani ya ziwa." Wa tatu ulipoanguka, vidole vyake viliacha kubangua. "Huu una uzito," alisema. Kisha akauliza, "Mbona hachoki?"

Swali hilo lilikuwa la fundi. Programu ina njia ya kuurudia mpindo mmoja bila kikomo, na mchi wangu ulikuwa ukijirudia hivyo. Jajja akanifundisha: mtu hutwanga mara saba au nane, husita, hukwangua karanga zilizopanda ukingoni, hubadilisha mkono, huendelea. Pale juu, mchi hukaa muda mrefu zaidi kadiri bega linavyochoka. Niliandika yote. Usiku niliiondoa ile njia ya kujirudia, nikaweka kila pigo kwa mkono, na kila mapigo machache nikamwongezea mtwangaji fremu moja ya kupumzika juu.

Asubuhi nilimweleza picha hizo ni za nini. Zilikuwa sehemu ya filamu fupi niliyotakiwa kuiwasilisha darasani, na filamu ingekuwa ya Kiswahili. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Wasomaji wa nchi jirani huenda wasijue jambo hili vizuri. Hapa kwetu Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa Buganda lugha hiyo ilibaki kuwa lugha ya bunduki. Vita vya miaka ya 1981 hadi 1986 vilipopita Luweero, Jajja alikuwa mama kijana. Maneno ya Kiswahili aliyoyajua hayakuzidi kumi, na yote yalikuwa katika hali ya amri: simama, lala chini, toa kipande. Katiba yetu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake. Hayo ni mambo ya karatasi. Sikio la Jajja lina karatasi zake.

Siku hiyo alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Walipokuwa wamejificha msituni walikuwa na kinu, na walikuwa na karanga, lakini hawakutwanga. Sauti ya kinu husafiri mbali. Walizitafuna karanga mbichi, na watoto walipolia walizibwa midomo kwa viganja. Mchi ulisimama ndani ya kinu majuma mengi, na hakuna aliyeugusa.

Kisha akaniuliza, "Katika hicho Kiswahili chako, kinu mnakiitaje?"

"Kinu," nilisema.

Akadhani nimejibu kwa Kiganda, maana sisi husema ekinu. Akarudia swali. Nami nikarudia jibu. Nikaendelea: omukono ni mkono, omuti ni mti, omuntu ni mtu. Alitazama nje kwa muda.

"Basi," alisema, "wale hawakutuambia kwamba wanalijua neno hili."

Alinikubalia kuitumia hadithi yake, kwa sharti moja. Mwanamke wa kwenye filamu azungumze Kiswahili anapotwanga na anapoimba, lakini mchi utakaposimama, mtu yeyote asiseme neno hata moja la Kiswahili. Wala la Kiganda. Nilikubali.

Kimya hicho kinachukua sekunde 40, yaani fremu 960, na ndiyo sehemu iliyonichosha kuliko zote. Mpindo wa mchi ni mstari ulalao sifuri mwanzo hadi mwisho. Lakini ukilaza mipindo yote, mtazamaji hatamwona mtu aliyejificha. Ataona kompyuta iliyokwama. Kwa hiyo kifua cha mwanamke nilikipa mpindo wake: kinapanda chini ya sentimita moja na kushuka, kila pumzi fremu 72. Hapa ule mpindo laini ambao programu hukupa bure, ule uliomchekesha Jajja, ndio uliofaa, kwa sababu pumzi ya mtu anayejificha haina ncha ya V. Hakuna mpindo mzuri wala mbaya. Kuna mpindo wa jambo hili na mpindo wa jambo lile, kama ambavyo hakuna anayesema jiwe lilizama tifu.

Mhadhiri wangu alikuwa na hoja nzito. Kazi ilidai masimulizi ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Watahini wataipimaje lugha katika sekunde 40 za kimya? Nilimjibu kwamba Kiswahili chenyewe kina tanakali ya kunyamaza, jii, na kwamba filamu inayoanza kwa pu haiwezi kueleweka bila jii. Tena nilimwambia kwamba nimetoa ahadi. Alifikiri, akanitaka niziandike sababu zangu zisomwe pamoja na filamu. Maandishi hayo ndiyo yaliyozaa insha hii.

Limebaki suala la istilahi. Kazi ya uhuishaji iko kwetu tayari. Ubongo Kids imekuwa ikifundisha hisabati kwa Kiswahili kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2014. Kampala ilitoa filamu fupi A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017. Mkusanyiko wa filamu za Afrika ulioonyeshwa duniani mwaka 2023 ulipewa jina la Kiswahili, Kizazi Moto. Lakini vijana wawili wa huku wakikaa mbele ya kompyuta, hata kama wanapiga soga kwa Kiswahili, wakifika kwenye nukta na mistari hurukia Kiingereza. Nimependekeza fremu kuu, mpindo na kishikio. Mwenzetu mmoja kutoka Bukavu, aliyelelewa na Kifaransa shuleni, anasema mpindo unamkumbusha pindo la shuka na kwamba kurba lingetosha. Hoja yake ina nguvu, na mjadala haujaisha. Ninawaomba wahadhiri na wenzangu watupatie maneno bora, ila wayajaribu kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kuishika kompyuta lakini amewahi kuushika mchi. Neno likimkalia huyo, litatukalia sote.

Filamu itaonyeshwa ukumbini mwezi ujao, na wazazi wamealikwa. Jajja amesema atakuja, ilimradi apewe kiti karibu na mlango.