Usiku wa Kungojea Mwezi Upigwe

Ukifuata barabara kuu ya 101 kutoka San Francisco kwenda San Jose, huko California, Marekani, utaona mkono wa kushoto banda la ajabu kwa ukubwa. Lilijengwa miaka ya 1930 kuwekea meli za angani za jeshi la wanamaji. Hapo ndipo Moffett Field, na jirani yake ni kituo cha Ames cha shirika la NASA. Usiku wa kuamkia Oktoba 9, 2009, watu walikesha nje kituoni humo wakingojea mwezi upigwe.

Naam, upigwe! Chombo kilichoitwa LCROSS kilikuwa kimebeba ganda tupu la roketi, uzito wake zaidi ya tani mbili. Ganda hilo lingeachiliwa ligonge Cabeus, bonde lililo karibu na ncha ya kusini ya mwezi, ambamo mna pembe zisizofikiwa na jua kamwe. Je, gizani humo mna barafu? Vumbi likitimka hadi kwenye mwanga wa jua, lingejibu.

Lakini walionivutia mimi ni wapenzi wa nyota, watu ambao hawalipwi hata senti. NASA iliwaomba wenye darubini za inchi 10 na zaidi, magharibi mwa Marekani na Hawaii, wasaidie kutazama. Si kazi rahisi. Milima ya ncha ile huonekana kwa ubavu tu, kama sahani iliyoinuliwa usawa wa macho. Halafu, walipokwisha kutajiwa bonde la Cabeus A, shabaha ikahamishwa kabla Septemba kwisha, ikawabidi kushika ramani upya!

Saa kumi unusu alfajiri ilipogonga, macho yalikuwa kwenye vioo. Hawakuona kitu. Hata picha za televisheni hazikuonyesha vumbi, na wengi walivunjika moyo. Hata hivyo, vipimo vya LCROSS vilikuwa vimenasa kitu, na Novemba 13 NASA ikatangaza kwamba maji yamepatikana.

Kwetu Kenya ilikuwa saa nane unusu mchana na mwezi ulikwisha tua. Bali ukitaka kuwaonyesha watoto mahali penyewe, ngojeni mwezi mpevu uchomoze jioni. Tafuteni upande wa kulia doa jeupe lenye miale, liitwalo Tycho. Cabeus iko mbele yake, ukingoni kabisa.