RAFIKI WA BIBI YAKO YUKO WAPI LEO?



Ndugu yangu, wiki iliyopita baada ya swala ya Ijumaa kijana mmoja alibaki nyuma msikitini, hapa Moshi mjini. Alikuwa amemzika bibi yake siku chache zilizopita. Akaniuliza: "Shekhe, bibi ndiye aliyenilea. Sasa amekwenda. Nimfanyie nini?"

Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote: muombee dua, mtolee sadaka, lipa madeni yake. Akashukuru, akainuka aondoke. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Kaa kidogo. Kuna jambo jingine, na mimi mwenyewe nililisahau miaka tisa."

Nililomwambia yule kijana nakuandikia na wewe. Soma mpaka mwisho, huenda likakuhusu.

Mimi nimelelewa na Bibi, mzaa baba, huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kihamba chetu kilikuwa kidogo: migomba, mibuni michache, ng'ombe mmoja ndani ya banda, na mfereji unaopita pembeni. Bibi alikuwa mtu wa swala. Alfajiri ya Machame ni baridi ya kuuma mifupa, lakini sikumbuki siku aliyoniacha nilale swala ikapita. Akishaswali anafunga mkungu wa ndizi, anajitwisha kichwani, anashuka sokoni kwa miguu.

Juu ya kihamba chetu aliishi rafiki yake. Sisi watoto tulimwita Bibi wa Juu, na wajukuu zake walimwita bibi yangu Bibi wa Chini. Bibi wa Juu alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa kwaya. Usishangae. Wamisheni wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Uislamu nao ulipanda mlima kwa njia zake. Kwetu ukoo mmoja unaweza kuwa na shekhe na mchungaji, na wote wanalima mpaka mmoja.

Wale wawili walikuwa marafiki kabla baba yangu hajazaliwa. Moto ukizimika kwetu, nilitumwa juu kuomba kaa. Ugonjwa ukiingia kwao, Bibi alipanda na uji wa ulezi. Idi, fungu la kwanza la nyama lilikwenda juu. Krismasi, Bibi wa Juu hakuchinja mbuzi wake mpaka amwite baba yangu mdogo aje na kisu, ili na sisi tule kwa amani.

Lakini usidhani hawakugombana.

Mwaka 1984 mvua zilikuwa haba. Nyinyi mnaoujua mlima mnaelewa maana yake: maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na aliye juu hupata kabla ya aliye chini. Siku moja zamu ilikuwa yetu, na maji hayakufika. Kijana wa Bibi wa Juu alikuwa ameyageuzia shambani kwao. Maharage ya Bibi yakanyauka. Bibi akaenda sokoni, na mbele ya wanawake wote akamwita rafiki yake mwizi.

Wakanuniana miezi miwili. Nilikuwa darasa la sita, na nakumbuka uchungu wa kupita mbele ya nyumba ile bila kuitwa nile ndizi.

Asubuhi moja Bibi alikata jani la sale. Kwa wasiojua: sale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, na kwa desturi ya Wachagga, aliyekukosea akikujia na jani lake lililofungwa fundo, anakuomba msamaha, na si vyema kumkatalia. Nikamuuliza, "Bibi, si wao walioiba maji? Kwa nini uende wewe?"

Akaniambia: "Yeye alichukua maji. Mimi nilichukua heshima yake mbele ya soko zima. Maji yatarudi mvua ikinyesha. Heshima nisipoirudisha mimi, nani atairudisha?"

Najua wapo watakaoniuliza, je, jani si ushirikina? Ndugu yangu, ukiamini kwamba jani lina nguvu ya kuleta kheri au kuzuia shari, umeharibu. Bibi hakuamini hivyo. Kwake lilikuwa kama kubisha hodi, alama ya kusema "nimekuja kwa unyenyekevu." Msamaha wenyewe aliutaka kwa ulimi wake, na kabla ya hapo aliutaka kwa Mola wake.

Tulipofika, Bibi wa Juu alilipokea jani bila neno, akalichomeka kwenye ukingo wa paa. Akatoa kigoda, akatoa ndizi mbivu. Zamu yao ya maji iliyofuata, waliiacha yote ishuke kwetu.

Miaka ikaenda. Nikasoma madrasa, nikasoma sekondari hapa mjini. Bibi alifariki mwaka 2003, Allah amrehemu. Tulimzika kihambani. Kabla ya kumswalia tulitangaza kama tunavyotangaza siku zote: "Mwenye kumdai marehemu ajitokeze." Bibi wa Juu alikuwa pale, ameketi na wanawake, amejitanda khanga. Hakusema kitu. Wakati wa kuagana alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mjukuu wangu, usinisahau."

Nikamsahau.

Sikumsahau kwa ubaya. Nilikuwa na msikiti, darsa, ndoa za watu, misiba ya watu. Nilipanda mimbarini nikahubiri kuunga udugu, na watu wakalia. Na kutoka mimbari ile hadi kwenye mlango wa Bibi wa Juu ni safari isiyofika asubuhi moja. Miaka tisa.

Siku moja mwaka 2012 nilikuwa nafundisha darsa la wema kwa wazazi. Nikafika kwenye hadithi ya Abdullahi bin Umar, aliyekutana na bedui njiani, akamvika kilemba chake na kumpa punda aliyekuwa akimpanda. Walipomuuliza kwa nini, akaeleza kwamba baba wa bedui yule alikuwa rafiki wa baba yake, na kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kuwa katika wema mkubwa kabisa ni mtu kuwaunga aliowapenda baba yake. Nikanyamaza katikati ya darsa. Wanafunzi wakadhani nimepotea ukurasa. Nilikuwa nimemkumbuka mwanamke wa khanga aliyenishika mikono.

Kesho yake nikapanda Machame. Macho yake yalikuwa yameshaisha nuru. Nikapiga hodi. Kabla sijataja jina akasema, "Umechelewa, lakini umekuja." Kisha akacheka: "Karibu, shekhe wa kahawa yangu."

Nikamuuliza, "Kahawa ipi, Bibi?"

Akanyamaza. Akagundua kwamba sikuwa najua.

Kwetu, ndugu yangu, kahawa ni mali ya baba na ndizi ni mali ya mama. Babu yangu alikuwa amefariki, na mibuni ilikuwa chini ya baba zangu wadogo, wenye watoto wao. Bibi alikuwa na ndizi tu, na ndizi hazikutosha ada ya sekondari. Bibi wa Juu alikuwa mjane, kahawa ya mumewe ilikuwa mikononi mwake. Bibi alikwenda kumkopa. Msimu baada ya msimu. Alirejesha kidogo kidogo, na alipokufa, kulikuwa na sehemu kubwa haijarejeshwa.

Usiku ule sikulala. Mnaijua hadithi ya maiti aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) akiwa na deni, naye akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Mimi nimeisomesha mara nyingi. Na bibi yangu amelala kaburini miaka tisa, na deni lenyewe ni ada yangu mimi!

Wiki iliyofuata nikarudi na fedha. Bibi wa Juu akazipapasa, akazirudisha mfukoni mwangu.

"Siku ya maziko nilisikia mlivyotangaza," akasema. "Nikasema moyoni, Mungu ni shahidi, simdai. Deni limekwisha siku ile. Kama unataka kulipa, njoo tuongee."

Alhamdulillah. Anayedai akisamehe, deni huanguka. Lakini lile la "njoo tuongee" halikuanguka. Nikawa napanda. Kila Idi nikapeleka fungu la nyama, nikifuata mwendo wa Mtume (s.a.w.), ambaye baada ya kufariki Bi Khadija (r.a.) alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea marafiki zake. Nikiketi na yule mzee alinisimulia bibi yangu ambaye sikumjua: msichana anayecheka mpaka anakaa chini, bi harusi aliyelia akikumbuka kwao. Nani mwingine duniani angenipa habari hizo?

Alifariki mwaka 2017. Sikumswalia, kwa sababu swala ya jeneza ni ya Muislamu, na mipaka ya dini haivunjwi kwa machozi. Lakini nilikwenda. Nikasimama na wanawe, nikashika koleo. Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa, akawakumbusha kuwa ile nayo ni nafsi. Na Allah (s.w.) katika Suratul Mumtahina hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini. Sasa aliyenisomesha itakuwaje?

Ndugu yangu, nakuusia mambo matatu.

Kwanza, usitosheke na tangazo la madeni siku ya msiba. Wapo wanaodai wasiosema, kwa haya au kwa mapenzi. Waendee nyumbani, waulize kwa upole.

Pili, ukiwa umemkosea mtu, tangulia wewe. Usingoje kupima nani alikosa zaidi. Angalia ulichochukua wewe, kirudishe.

Tatu, kila marehemu wako ameacha mtu aliyempenda. Yupo mzee mahali fulani, ameketi barazani, anajua utoto wa bibi yako, na hakuna anayemuuliza. Kila siku ipitayo macho yake yanapungua na wewe unasema "nitakwenda."

Basi usiniandikie hapa chini "maashaallah shekhe, ujumbe mzuri." Weka hiyo simu sikioni, umpigie. Kama hana simu, kesho panda gari.

Ewe Mola, warehemu wazee wetu waliotulea, tusamehe tuliochelewa, na tujaalie tuwafikie waliobaki kabla hawajaondoka. Aamin.

Wabillahi tawfiq.