Mugango ya Ghorofani

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Huku kwetu Mugango haijafika hadi leo, basi naijenga mwenyewe chumbani kwa waya, maboksi na mota ya betri niliyochomoa kwenye gari bovu la kuchezea.

Chumba ni kidogo, na kitanda lazima kibaki. Nafasi ya chini ikiisha, unajenga ghorofa. Kazi ipo kwenye kupandisha treni: mlima ukiwa mkali, magurudumu yanateleza. Kwa hiyo nimeizungusha njia. Duara lenye upana wa sentimita 80 lina njia ya kama sentimita 250; nikipandisha 4 katika kila 100, mzunguko mmoja unanipa sentimita 10. Mizunguko mitatu, tumefika juu.

Chini ni Mwanza, juu Mugango. Mpwa wangu akapinga: "Mjomba, si wote tuko ziwa moja? Mbona sisi tuko juu?"

Nikamwambia fundi hupanga kwa nafasi aliyonayo. Hajaridhika. Treni yenyewe hajawahi kuiona, ila tiketi za maboksi ameshakata 20. Ya bibi yake kaiandika: kwenda na kurudi.