Kutoka Nagasaki Hadi Darasani

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii aghalabu husemwa kumwonya mtu anayesahau kwao. Mimi naiona kuwa yaeleza pia faida ya safari, kwani aliyekizunguka chombo chote hurudi ngamani akiwa amejua jinsi kilivyoundwa. Katika makala haya ningependa kuwasimulia walimu na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili yale niliyoyaona katika miji ya Japani mwezi wa Machi 2023, na jinsi yalivyonifuata hata nilipokwisha kurejea masomoni Kampala.

Nilikuwa Osaka kwa mwaka mmoja wa masomo. Huenda baadhi ya wasomaji hawana habari kwamba Kiswahili hufundishwa huko. Kilifundishwa katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, na chuo hicho kilipounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007, somo hilo liliendelea. Nje ya vipindi vyangu nilikuwa nikizungumza na wanafunzi wa Kijapani ili ndimi zao zizoee. Jioni moja, karibu na likizo, msichana mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza: "Kaka, huko kwenu ni masomo gani ya chuo kikuu yanayofundishwa kwa Kiswahili?" Nikamjibu kwamba ni Kiswahili chenyewe, basi. Hakucheka wala hakutoa neno, bali aliliandika jibu langu katika daftari lake. Nililiona likikauka wino pale, na tangu hapo halikuniacha.

Mwaka wa masomo wa Kijapani huanza Aprili, hivyo Machi ni mwezi wa likizo. Wanafunzi wasio na fedha nyingi hununua tiketi iitwayo Seishun 18. Mwaka ule iligharimu yeni 12,050, na kwa tiketi hiyo mtu aliweza kupanda treni za kawaida kwa siku tano alizozichagua mwenyewe. Jina lake lataja ujana, lakini hata mzee huuziwa. Treni za mwendo wa kasi, Shinkansen, hazimo. Safari ya kutoka Osaka hadi Hiroshima, ambayo kwa Shinkansen ni ya saa moja na nusu hivi, mimi niliifanya kwa karibu mchana mzima, nikishuka na kupanda pamoja na watoto wa shule na akina mama waliotoka sokoni.

Hiroshima ni mji wa mito na magari ya reli yapitayo barabarani. Bomu la atomiki liliuangukia tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Siku tatu baadaye, gari la kwanza la reli lilianza tena kupita katika sehemu ndogo ya mji ulioteketea. Walionusurika waliitwa hibakusha, jina ambalo ulimwengu mzima sasa unalijua. Nilipokuwa nikisoma maelezo katika jumba la makumbusho, nilikumbuka kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wa mabomu yale ilitoka Shinkolobwe, huko Katanga, nchi ya Kongo. Huko Katanga watu husema Kiswahili. Nikajiuliza: mwalimu wa Lubumbashi akitaka kuwaeleza wanafunzi wake habari ya jiwe lililotoka jirani nao likafika hapa, atalieleza kwa lugha gani? Ya vita anaweza kuyasimulia. Lakini akifika penye kiini cha atomu na mnururisho, je, hatahamia Kifaransa?

Kwa swali hilo nilifika Nagasaki siku iliyofuata, usiku. Mji huu ulipigwa bomu la pili tarehe 9 Agosti 1945, nao pia una kumbukumbu zake za huzuni. Hata hivyo mahali paliponiweka kwa muda mrefu zaidi ni Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa kwa mikono ya watu, chenye umbo la upepeo. Tangu 1641, kwa zaidi ya miaka mia mbili, Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara na Japani, nao walifungiwa pale. Wakalimani wa Nagasaki waliirithishana kazi yao baba kwa mwana. Kupitia mlango huo mwembamba viliingia sukari, vioo, saa na vitabu.

Kimoja cha vitabu vya Kiholanzi kilikuwa cha elimu ya mwili wa binadamu. Nilikifuata kwa fikra hadi Tokyo, ambayo zamani iliitwa Edo, nikatumia siku ya mwisho ya tiketi yangu kufika huko. Katika mtaa wa Minami-Senju, mahali palipokuwa uwanja wa kunyongea wahalifu, pana jiwe la ukumbusho. Hapo, mwaka 1771, waganga Sugita Genpaku na Maeno Ryotaku walitazama maiti ikipasuliwa huku wakilinganisha na michoro ya kitabu kile. Wakaona kwamba michoro ilisema kweli, na mafunzo waliyoyarithi yalikuwa na kasoro. Wakakubaliana kukifasiri. Maeno alijua Kiholanzi kidogo. Sugita hakujua karibu chochote. Kamusi ya kuwafaa hawakuwa nayo. Sugita anasimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1815 jinsi walivyoweza kukaa kutwa nzima juu ya sentensi moja kuhusu nyusi. Kitabu chao, Kaitai Shinsho, kilitoka mwaka 1774.

Hapa naomba walimu wenzangu tutue kidogo. Kwa neva, kitu ambacho tiba yao ya zamani haikuwa na jina lake, waliunda neno shinkei, wakiunganisha maana ya roho na maana ya njia ipitayo mwilini. Je, sisi hatusemi mshipa wa fahamu? Kwa ile sehemu nyororo iliyo masikioni na puani walisema nankotsu, yaani mfupa laini. Sisi tunayo gegedu. Kumbe mahali walipoanzia wao, sisi tumekwisha kufika. Tofauti ni kwamba shinkei na nankotsu ziliingia vitabuni, zikaingia madarasani na katika mitihani, na leo mtoto wa Kijapani huzitaja bila kujua kwamba kuna mtu aliyezihangaikia.

Wala isidhaniwe kwamba Wajapani wote waliiamini lugha yao. Mwaka 1873 Mori Arinori, ambaye baadaye alikuwa waziri wa kwanza wa elimu, alichapisha hoja kwamba Kijapani hakingeweza kubeba elimu mpya na kwamba taifa lingehitaji Kiingereza. Mwaka huohuo Baba Tatsui, kijana aliyekuwa akisoma Uingereza, alimjibu kwa kutunga kitabu cha sarufi ya Kijapani, kuonyesha kwamba lugha hiyo ina mpango wake kamili. Nilipoisoma hoja ya Mori nilisikia sauti nizijuazo sana za nyumbani.

Nilirudi Osaka kwa basi la usiku, na Aprili masomo yakaanza. Septemba nikawa Kampala. Baba yangu mdogo, aliyenilipia karo tangu sekondari, aliniita akaniuliza tasnifu yangu itahusu nini. Nikamwambia nataka kuchunguza maneno ya afya katika Kiswahili, na kuiandika kwa Kiswahili. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, lugha ile tuliisikia kwa askari waliotupiga vizuizini. Na hata ukiisamehe hiyo, nani atakupa kazi kwa tasnifu asiyoweza kuisoma?" Sikumbishia. Machungu yake yana historia, na swali lake la pili ni la haki.

Siwezi pia kudai kwamba hali yetu ni sawa na ya Wajapani. Wao hawakutawaliwa kama sisi, na lugha yao ni ya nyumbani kwa karibu wote. Uganda ina lugha nyingi, na wengi wetu tulikikuta Kiswahili shuleni au sokoni. Lakini kuna jambo moja tunaloweza kulipima. Sugita na wenzake hawakungoja amri ya serikali. Walianza kufasiri, amri za elimu zikaja karne moja baadaye. Sisi amri tunazo. Ya 1973 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Kazi ndiyo inayongoja.

Basi tulianza kwa udogo. Kila Jumamosi wanafunzi wanne, pamoja na muuguzi mmoja aliyekulia Bukoba, tulikaa bwenini tukifasiri maelezo ya ugonjwa wa figo kwa ajili ya wagonjwa. Jumamosi ya kwanza tulimaliza aya mbili. Jambo lililonishangaza ni kwamba mara nyingi neno tulilokuwa tukilitafuta lilikuwemo tayari katika kamusi zilizotungwa Dar es Salaam, ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia likitamkwa darasani.

Tasnifu naiandika kwa Kiswahili, na muhtasari wake mrefu kwa Kiingereza, ili baba mdogo naye apate cha kuwaonyesha watu. Kwenu walimu nina ombi moja tu. Chagueni maneno matano ya sayansi katika kamusi muhula huu, muyatumie katika ufahamu na insha, kisha myatie katika mtihani.